Pandikizo Limekataa: Kutafuta Kosa Katika Plastiki ya Wanga

Ukipita kando ya barabara ya Ngong au ya Lang'ata jijini Nairobi, pale wanapouza miche, utaona miparachichi midogo imefungwa nailoni shingoni. Mnunuzi mgeni huiona nailoni akaridhika. Mzoefu huinama, akaisogeza kwa ukucha, aone kama kikonyo kimeshika shina au kimefungiwa hapo tu kikingoja kukauka.

Plastiki ya wanga uliopandikizwa polima, yaani wanga uliooteshwa minyororo mirefu ya plastiki juu yake, nayo ni vivyo hivyo. Chupa inaweza kukutolea kitu cheupe, kizito, kinachovutika, ukakipiga picha na kuwatumia wenzako, kumbe wanga na polima vimelala kitanda kimoja bila ndoa. Mimi ni fundi wa maabara, na wanaonijia ni wa aina mbili: wanafunzi wa mwaka wa nne waliobakiza wiki tatu kabla ya kuwasilisha mradi, na vijana wa jua kali wanaotaka kutengeneza vipoti vya miche vya kuingia shimoni pamoja na mche. Hao wa pili walianza kuongezeka baada ya tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa Kenya. Wote huja wakilalamikia utando, ile karatasi nyembamba ya plastiki yao: unavunjika, unanata, umegeuka manjano. Na karibu kila mara namrudisha mtu nyuma hadi kwenye chupa, maana mengi yanayoonekana kwenye utando yalipikwa humo. Kwa hiyo tuanzie huko.

Kipimo ninachotumia kama kigezo ni hiki, nawe linganisha na chako. Gramu 10 za wanga wa mahindi zinakorogwa katika mililita 150 za maji yaliyokenekwa, kwa nyuzi 85, nusu saa, hadi uwe uji. Unapozwa hadi nyuzi 30 huku nitrojeni ikipita ndani kwa nusu saa nyingine. Kisha mililita 10 za myeyusho wa seriki amoniamu naitreti, chumvi ya seriamu inayoanzisha mmenyuko, wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), ulioyeyushwa katika asidi ya nitriki ya 1 M. Dakika chache baadaye, gramu 12 za methili akrileti, ndiyo monoma yetu, yaani kimiminika ambacho molekuli zake huungana kuwa polima. Saa 3 za kukoroga, halafu kila kitu kinamiminwa katika ethanoli ya ujazo mara tatu, kinachujwa, kinaoshwa, kinakaushwa. Yote hayo ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Methili akrileti hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na harufu yake hukaba koo. Aliyeniuliza kama anaweza kuifanya jikoni kwake Umoja nilimwambia hapana, na jibu ni hilo hilo kwa Kasarani.

Rangi ya chungwa haipotei

Myeyusho wa seriki una rangi ya chungwa. Ukimwagwa kwenye uji unakuwa manjano. Seriamu inapochukua elektroni kutoka kwa wanga, rangi hiyo hufifia hadi kuisha. Njia hii ilielezwa na watafiti Mino na Kaizerman mwaka 1958 na haijachoka hadi leo, kwa sababu moja kubwa: radikali, yaani ncha yenye elektroni pweke inayotafuta wa kuungana naye, inazaliwa juu ya mnyororo wenyewe wa wanga. Pete ya glukosi, kiungo kimoja cha mnyororo huo, hukatika kati ya kaboni ya 2 na ya 3, na hapo penye jeraha ndipo tawi jipya linapoota. Rangi basi ni saa yako ya ukutani.

Ikibaki manjano baada ya nusu saa, gusa chupa kwanza. Mwezi wa Julai maabara zetu zisizo na kipasha joto huwa na nyuzi 17 au 18 asubuhi, na watu huandika "joto la chumba" kwenye daftari kana kwamba chumba cha Nairobi na cha Mombasa ni kimoja. Tumia beseni la maji lenye kidhibiti joto, uweke 30, na uyapime maji yenyewe kwa kipimajoto.

Kama myeyusho umekuwa na utusitusi kama maji ya kuoshea mchele, tatizo ni maji au asidi. Seriamu inahitaji asidi ya kutosha ili ibaki imeyeyuka. Bila hiyo inageuka haidroksidi na kutuama. Maji mengi ya visima vya kuchimbwa hapa Nairobi yana baikaboneti, inayokula asidi, na floraidi, inayoinyakua seriamu. Kijana mmoja aliyeyusha chumvi yake ya bei ghali katika maji ya kisima cha ploti yao, ikatuama yote chini. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, mradi usome chupa vizuri: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja na chupa zake hufanana.

Rangi imepotea lakini uzito haukuongezeka

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo pana mengi ya kuchunguza.

Anza na mizani kabla hujaanza na kemia. Wanga wa dukani hubeba maji, mara nyingi asilimia 10 hadi 14 ya uzito wake, na hayaonekani kwa macho. Mwanafunzi alikuja na huzuni: ameweka gramu 10, amepata 9.6, amepandikiza "hasi asilimia 4". Tukakausha wanga wa pakiti ile ile kwa nyuzi 105 hadi uzito ukaacha kushuka. Ulikuwa na maji asilimia 12. Kumbe alianza na gramu 8.8 za wanga mkavu, na ongezeko lake lilikuwa gramu 0.8, yaani asilimia 9.1. Ni pandikizo dogo, lakini lipo. Kosa hili hukaa pia upande wa pili: ukiupima mzao kabla haujakauka sawasawa, maji yatakupa pandikizo usilolifanyia kazi. Pima, rudisha kwenye oveni, pima tena, hadi namba mbili zifuatane zikiwa sawa.

Kama mizani haina kosa, mshukiwa wa pili ni oksijeni. Radikali huipenda oksijeni kuliko inavyompenda monoma, na ikishakutana nayo mnyororo haukui. Nitrojeni ipite ndani ya uji kwa nusu saa kamili, na uji ukiwa mzito povu hupita sehemu moja tu huku pembeni kukibaki na hewa, kwa hiyo koroga huku inapita. Lakini kuna mtego hapa, nami niliuangukia miaka ya mwanzo: niliendelea kupuliza ndani ya mchanganyiko hata baada ya kuweka monoma. Methili akrileti inachemka kwenye nyuzi 80 na huvukiza upesi; nitrojeni iliibeba ikaenda nayo kwenye kabati la mvuke. Nikawa napandikiza bomba la moshi. Pitisha ndani kabla ya monoma, ukishaiweka inua bomba likae juu ya uso wa uji.

Mshukiwa wa tatu ni kizuizi. Monoma haiuzwi ikiwa tupu. Huwekewa haidrokwinoni au binamu yake mwenye kundi la methoksi ili isijigandishe ikiwa njiani kutoka bandarini. Haidrokwinoni huiramba seriamu moja kwa moja. Ndiyo maana rangi ilipotea haraka ukafurahi: kizuizi ndicho kilichokula, wanga haukuguswa. Osha monoma katika chupa ya kutenganishia kwa soda kali ya asilimia 5 iliyopozwa, mara mbili au tatu, hadi tabaka la chini litoke bila rangi. Kisha maji hadi yasiwe na ukali. Kisha ikaushe kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji. Itumie siku hiyo hiyo. Monoma iliyooshwa haina mlinzi, usiirudishe kwenye chupa kubwa. Na usijaribu kuihifadhi ile yenye kizuizi chini ya nitrojeni ukidhani unaisaidia, kwa kuwa kile chenye methoksi hufanya kazi kikishirikiana na oksijeni iliyomo.

Dawa ambayo kila mtu huijaribu kwanza ni kuongeza seriamu. Nakuomba usiifanye kuwa ya kwanza. Seriamu ikizidi huzigeukia radikali zilizokwisha kuota na kuzimaliza, nawe unapata wanga uliokatwakatwa wenye matawi mafupi. Hivyo hivyo ukichelewesha monoma: ukiweka seriki ukaenda kunywa chai, ukirudi majeraha yamefunga.

Polima imejaa chupa, asetoni ikaila yote

Unapima mzao, unaona mavuno makubwa, unafurahi. Unauweka katika Soxhlet, kifaa cha kuosha kitu tena na tena kwa kiyeyusho kinachochemka, pamoja na asetoni, na kesho yake kwenye ganda la karatasi umebaki wanga ule ule ulioanza nao. Hiyo ni homopolima: minyororo ya monoma iliyoota yenyewe majini bila kushika shina.

Mfano wa hesabu, kwa sababu watu huchanganya vipimo viwili. Ulianza na wanga mkavu gramu 8.8 na monoma gramu 12. Mzao mkavu ni gramu 17.2, kwa hiyo polima iliyotengenezwa ni gramu 8.4, asilimia 70 ya monoma. Baada ya asetoni umebaki na gramu 13.2. Iliyopandikizwa kweli ni gramu 4.4. Asilimia ya pandikizo ni 4.4 kwa 8.8, yaani 50. Ufanisi wa pandikizo ni 4.4 kwa 8.4, yaani kama 52. Karibu nusu ya polima yako ilikuwa inatembea barabarani. Andika namba zote mbili. Anayekuonyesha ile ya mavuno peke yake anakuonyesha nailoni bila kukufungulia uone shingo. Na zikumbuke hizi gramu 13.2, maana tutazirudia tukifika kwenye kuoza.

Ukitumia persalfeti ya potasiamu kama kichochezi badala ya seriki, homopolima nyingi ni jambo la kutarajia. Radikali zake huzaliwa majini, nyingine hugonga wanga na nyingine hugonga monoma moja kwa moja. Watu huipenda kwa sababu ya bei, na siwalaumu. Punguza kiasi chake, shusha joto kutoka 80 hadi 60 au 65, uipe dakika 10 hadi 15 na wanga peke yake, kisha ingiza monoma kwa matone badala ya kuimwaga yote. Ukiwa unatumia seriki na bado homopolima ni nyingi, chunguza kama uliweka monoma kwanza. Mpangilio ni wanga, seriki, monoma, na haupinduliwi.

Sasa kosa la kujipendelea, ambalo ni kinyume chake: asetoni haikutoa kitu, ukatangaza ufanisi wa asilimia 98. Asetoni haiutanui wanga. Uji uliokauka ukawa mgumu kama ukucha huifungia homopolima ndani, na kiyeyusho huzunguka nje siku nzima bila kuifikia. Saga uwe unga laini kabla ya kuuweka. Halafu tengeneza shahidi: chukua wanga uliopikwa vile vile, changanya na polima iliyokwisha kutengenezwa kando bila kichochezi chochote, kausha, saga, uweke katika Soxhlet saa 24. Polima yote ikitoka kwa shahidi, mbinu yako inaaminika. Ikibaki, hata lile tuta la 1730 kwenye kipimo cha infraredi, ambalo watu hulishangilia kama bao, halithibitishi chochote. Linasema tu kwamba esta, kikundi cha atomi kilichomo katika polima yako, ipo mle, halisemi imeshikwa na nini.

Na tahadhari moja ya hapa kwetu. Stima ikipotea katikati ya saa 24, kazi inasimama tu, unaanza tena. Hatari ni mgao wa maji. Maji ya bomba yanayopoza kondensa yakikatika usiku huku hita ikiendelea, asetoni inayochemka kwenye nyuzi 56 inajaza chumba. Ilinitokea. Nilifungua mlango asubuhi, nikanusa, nikarudi nyuma bila kugusa swichi ya taa. Tangu siku hiyo natumia ndoo ya maji na pampu ndogo ya tangi la samaki, vyote kwenye soketi moja na hita, ili stima ikipotea vyote vizimike pamoja.

Uji wa mabonge

Yeyote aliyepika uji anajua: unga hukorogwa kwanza na maji baridi. Wanga uliomwagwa kwenye maji moto hujifunga ngozi nje na ndani ukabaki mbichi, na hakuna seriamu itakayofika humo. Ukiona madoa meupe kwenye utando, chanzo mara nyingi ni hapo.

Mwinuko wa Nairobi huulizwa sana. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi takriban 94, na hilo halidhuru wanga wa kawaida wa mahindi, unaovimba kati ya 62 na 72, wala wa muhogo unaotangulia kidogo. Linadhuru wanga wa mahindi yenye amilosi nyingi, ile minyororo ya wanga iliyonyooka, unaotaka zaidi ya 100. Huo mpikie kwenye chombo cha shinikizo.

Kisha kuna swali ninaloona aibu kuliandika lakini linarudi kila muhula: ulitumia wanga au unga? Unga wa ugali una protini na mafuta. Hutoa povu, hula seriamu, hugeuka kahawia kwenye joto. Wanga ni ule mweupe mno wa kuzitisha mchuzi. Ukiubana kati ya vidole unalia kwa kukwaruza. Wa muhogo hutoa utando unaong'aa zaidi, kwa kuwa amilosi yake ni chache kuliko robo iliyomo katika mahindi.

Chupa imejichemkia yenyewe

Monoma nyingi, uji mzito, kikorogeo kimelemewa: minyororo inashindwa kukutana ili izimane, mmenyuko unaongeza kasi, joto linapanda, kasi inaongezeka tena. Weka barafu karibu, ingiza monoma kidogo kidogo, na ukiona kipimajoto kinapanda kuliko beseni, poza kwanza kisha ndipo utafute sababu. Haidrokwinoni kidogo huisimamisha. Sina zaidi la kusema hapa. Usitengeneze gramu 500 siku uliyofaulu kwa gramu 10.

Utando unavunjika kama biskuti

Sasa tumetoka chunguni. Uliza: umevunjika siku hiyo hiyo au baada ya wiki mbili?

Ukivunjika siku hiyo hiyo, angalia tawi ulilopandikiza. Kila polima ina joto lake la kulainika. La methili methakrileti ni karibu nyuzi 105, kwa hiyo chumbani ni kioo. Ulipandikiza kioo ukategemea mpira. La vinili aseteti ni karibu 30, ndiyo maana karatasi yake huwa ngumu asubuhi ya Julai na laini saa nane mchana wa Februari, na fundi akadhani wanga umebadilishwa. La methili akrileti ni kama nyuzi 10. La butili akrileti liko chini kabisa ya sifuri. Kuchanganya monoma ngumu na laini ni jambo la kawaida. Polima za methili akrileti juu ya wanga ndizo maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Peoria, Illinois, ilizipitisha kwenye mashine ya kusukuma plastiki miaka ya 1970, zikatoka utepe unaovutika ambao bado una wanga mwingi.

Ukivunjika baada ya wiki mbili, wanga unajipanga upya. Minyororo ya amilosi hukaribiana, hujifunga, na kutema maji, kama ugali wa jana unaokatika vipande. Au glisarini, kile kilainishi kinachochanganywa na wanga kabla ya kutengeneza utando, ilikuwa chache. Chini ya asilimia 15 ya wanga, glisarini inaweza hata kuukaza utando badala ya kuulainisha, jambo ambalo wengi hawaliamini hadi walione. Nenda kwenye 25 hadi 30.

Kipimo cha kutofautisha hakigharimu hata shilingi mia. Chukua mtungi wenye mfuniko, weka chumvi ya mezani na maji kidogo hivi kwamba chumvi ibaki chini bila kuyeyuka. Hewa iliyo juu yake itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Ning'iniza kipande kilichovunjika humo usiku mmoja bila kugusa maji. Kesho kikikunjika, ulikikausha mno, na jua la Januari lilimalizia. Kikiendelea kuvunjika, rudi kwenye tawi au kwenye glisarini.

Unanata, unatoa jasho

Mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi nakuwa na foleni. Wanga na glisarini vyote hunywa unyevu wa hewa. Shusha glisarini kwa hatua ya asilimia 5, na uhifadhi karatasi kwenye debe lenye chokaa hai au silika. Lakini nusa kwanza. Kama kuna harufu kali ya akrileti, hiyo ni monoma iliyobaki, osha tena kwa ethanoli. Kitu chenye harufu ile hakiwekwi karibu na mche wala mtoto. Glisarini ya duka la vipodozi pia huwa imeongezwa maji na manukato, kwa hiyo asilimia 30 uliyopima huenda ni 20.

Ukungu juu ya utando si kosa la pandikizo. Ni kuvu wamekuja kula wanga.

Umegeuka manjano au kahawia

Haraka haraka: asidi ya nitriki haikuoshwa ikisha, ikaunguza wanga kwenye oveni, osha hadi maji ya mwisho yasome 7 kwenye kipimo cha pH. Seriamu imebaki; osha mara moja kwa asidi hafifu kisha maji. Ulitumia chumvi ya chuma na peroksaidi kama kichochezi. Kahawia ni kutu, na haitatoka yote. Oveni ilikuwa 120 badala ya 60. Mashine ya kubania ilipita 180. Mara nyingi ni asidi na oveni kwa pamoja.

Nimeufukia, umeoza nusu

Hii si dalili ya kufeli, ila ndiyo inayoleta ugomvi kwa sababu mtu alishaahidi wateja.

Rudi kwenye zile gramu 13.2. Ndani yake wanga ni 8.8, theluthi mbili. Tulifukia vipande vya kundi hilo katika mboji ya shamba la jamaa yangu upande wa Kikuyu, ndani ya vifuko vya wavu, maana mara ya kwanza bila wavu mchwa walibeba vipande tukajiandikia kuoza kwa asilimia 100. Mara ya pili uzito ulishuka wiki baada ya wiki, kisha upungufu ukagota karibu na theluthi mbili na haukusogea tena. Tukadondosha ayodini kwenye mabaki: hayakugeuka buluu. Wanga ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni utando mwembamba wenye matundu kama sifongo, na huo ni polimethili akrileti, mnyororo wa kaboni kwa kaboni ambao vijidudu vya udongo hawana meno ya kuukata kwa kasi yoyote ya maana.

Kwa hiyo hesabu asilimia ya wanga kabla ya kufukia, na upungufu wa uzito ukigota penye namba hiyo, usiseme "bado kidogo". Viwango vya mboji ya kiwandani, kama EN 13432 ya Ulaya, hutaka asilimia 90 ya kaboni igeuke kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6, tena kwenye joto la karibu nyuzi 58 ambalo lundo la nyuma ya nyumba halishiki kwa muda mrefu. Kupungua uzito peke yake hakupimi hilo. Vijana wa vipoti hukasirika nikiwaambia, halafu huniuliza kama wanaweza kuandika "rafiki wa mazingira" badala ya "inaoza". Nawaambia waandike asilimia ya wanga, wamwachie mkulima aamue. Nao wasitengeneze mfuko wa kubebea: tangazo la marufuku la 2017 lilitaja mifuko ya plastiki ya kubebea, yenye mikono na isiyo na mikono, na halikuuliza ndani yake kuna wanga kiasi gani.

Anayetaka kioze chote abadilishe tawi. Polikaprolaktoni, polima ya aina nyingine, ina viungo vya esta katikati ya mnyororo, na hivyo vijidudu vinaweza kuvikata. Huota juu ya vikundi vya haidroksili vya wanga, kwa kichocheo kiitwacho okteti ya bati, kwenye joto la nyuzi 100 na zaidi, bila seriki wala nitrojeni kupita kwenye uji, kwa kuwa hakuna uji. Na hapo ndipo dalili mpya inapoingia: umepata nta nyeupe nzuri, unaiweka katika toluini, yote inayeyuka na kuuacha wanga peke yake chini. Maji yaliyokuwa ndani ya wanga ndiyo yaliyoanzisha minyororo, kila tone likiwa shina lake. Rudi kwenye ile pakiti yenye unyevu wa asilimia 12, ikaushe kwa nyuzi 105 chini ya ombwe usiku kucha, ihamishe ikiwa bado moto, na ujaribu tena.